Wiki Chini ya Gran Sasso

Jumatatu

Ukitoka Roma kwa barabara kuu ya A24 unapanda kuelekea mashariki, handaki baada ya handaki, mpaka mlima wa Gran Sasso unakuziba mbele. Kilele chake, Corno Grande, kina mita 2,912, na ingawa ilikuwa mwanzoni mwa Juni bado kilikuwa na mabaka ya theluji. Chini ya mlima kuna kijiji cha Assergi, na kando ya kijiji majengo ya ofisi za Maabara ya Kitaifa ya Gran Sasso, tulikokwenda kuona wanavyoitafuta maada ya giza, kitu kisichoonekana kinachojulikana kwa mvutano wake tu. Maabara yenyewe huioni. Imo ndani ya mwamba, na juu yake kuna mita 1,400 za mawe.

Mchana wote ulikwenda na makaratasi: fomu za usalama, vipimo vya viatu, orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuingia. Jioni mwenyeji wetu, mwanafizikia ambaye kila mtu pale alimwita Dokta na sisi tukafuata, alitukalisha mbele ya ubao. Hakuanza na mitambo. Alianza na hesabu zisizofunga.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akakuta zinakwenda kasi mno kiasi kwamba mvutano wa nyota zinazoonekana usingeweza kuzishikilia pamoja. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: maeneo ya pembezoni, ambayo yangetarajiwa kuzunguka polepole, yalikuwa yanakwenda mbio kama yale ya ndani. Baadaye satelaiti ya Planck, ikisoma mnururisho wa kale uliosalia tangu ulimwengu ukiwa mchanga, ikatoa mgawanyo huu: maada ya kawaida ni kama asilimia 5 ya nishati yote iliyopo, maada ya giza ni kama asilimia 27. Njia zote hizo zinapima mvutano tu. Hakuna hata moja inayokwambia kitu chenyewe ni nini.

Halafu Dokta akaandika 0.3. Hiyo ndiyo idadi ya GeV (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa uzito wa chembe) ya maada ya giza inayokadiriwa kuwamo katika kila sentimita ya ujazo hapa tulipo kwenye Njia Nyeupe, na GeV moja ni karibu sawa na uzito wa protoni moja. Tuseme chembe ya maada ya giza ina uzito wa protoni 100. Basi kila lita ya chumba kile ilikuwa na chembe 3, na kwa kasi ya kilomita 220 kwa sekunde, chembe zaidi ya 60,000 zinapita kila sekunde katika kila sentimita mraba ya kiganja chako. Wote tukaangalia viganja vyetu. Upuuzi, lakini haukuzuilika.

Mwaka 1985 Mark Goodman na Edward Witten walitoa hoja kwamba chembe ya namna hiyo, ikitokea ikagonga kiini cha atomi, itakisukuma kidogo, na msukumo huo unaweza kupimwa. Tangu hapo watu wanashuka migodini na mahandakini kuusubiri.

Jumanne

Basi dogo liliingia handakini kwa upande wa Assergi, likapita maabara bila kusimama. Mlango wa maabara unafunguka kwenye njia ya kurudi tu, kwa hiyo gari linavuka mlima mzima, kilomita 10, linatokea upande wa Teramo, linageuza, kisha linaingia tena. Malori yalikuwa yanatupita. Ghafla dereva akakata kulia, lango la chuma likafunguka, na kelele za barabara zikabaki nyuma.

Wazo la kuitumia barabara hii lilikuwa la Antonino Zichichi, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mlima ulikuwa unatobolewa hata hivyo, basi watoboe na kumbi. Kumbi kubwa ni tatu, A, B na C, kila mmoja una urefu wa mita 100 hivi, upana wa 20 na kimo cha 18. Ndani ni baridi na unyevunyevu, na mahali pengine unasikia maji yakitiririka nyuma ya ukuta. Mlima huu ni hazina ya maji ya mkoa, ndiyo maana kila kimiminika kinachoingizwa humu kinafuatiliwa kwa ukali.

Sababu ya kujichimbia ni miale ya kosmiki. Chembe kutoka angani zinagonga hewa ya juu na kuzalisha myuoni, ambazo huko nje hupita takriban moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Ndani ya mlima inabaki moja kwa kila mita mraba kwa saa. Ni punguzo la karibu mara milioni. Lakini mwamba wenyewe una elementi nururifu za urani na thori, hewa yake ina gesi nururifu ya radoni, zege lina uchafu wake, na watu wanaoingia wanaleta potasiamu mwilini. Dokta alisema jambo ambalo lilitufuata wiki nzima: mtu akija kwake na ishara ya maada ya giza, humwambia kwanza amwonyeshe takataka zake, yaani matukio yote yanayoweza kuiga ishara hiyo.

Jumatano

Ukumbi B. XENONnT, mtambo wa kuwinda maada ya giza, inaonekana kwa nje kama tangi la chuma la kimo cha mita 10, limejaa tani 700 za maji, na ubavuni mwake jengo la ghorofa tatu lenye ukuta wa kioo. Maji ni kinga. Yanazuia nyutroni na miale ya gama kutoka kwenye mwamba, na myuoni ikipita humo inaacha mwanga unaonaswa, ili tukio lolote linaloambatana nayo litupwe.

Katikati ya maji kuna chombo cha gesi ya zenoni iliyopoozwa hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri, ikawa kimiminika kizito karibu mara 3 ya maji. Jumla ni tani 8.5, na kati ya hizo tani 5.9 ndizo zinazotazamwa kwa ajili ya ishara. Kwa nini zenoni? Kiini chake ni kikubwa, na wimpi, chembe nzito zinazodhaniwa kuwa maada ya giza na zinazogusana na maada ya kawaida kwa nadra sana, zingekigonga kwa urahisi zaidi kuliko kiini kidogo. Pia zenoni iliyo katikati inakingwa na zenoni iliyo pembeni, na gesi hii haina isotopi nururifu za kuudhi zinazodumu. Karibu haina, tutarudi hapo.

Mhandisi wa zamu alitufungulia tukio moja kwenye skrini. Mstari ulikuwa umelala, kisha mwiba mwembamba, kisha kimya, kisha mwinuko mnene mkubwa zaidi. Mwiba wa kwanza ni mweko wa urujuanimno wa nanomita 175 uliotoka palepale kiini au elektroni ilipogongwa. Elektroni zilizong'oka zilivutwa juu na uwanja wa umeme, zikafika kwenye tabaka la gesi juu ya kimiminika, na huko zikatoa mweko wa pili. Muda kati ya mweko na mweko unasema kina. Namna neli 494 za kunasa mwanga zilivyouona mweko wa pili inasema upande. Na uwiano wa miweko miwili unasema kilichogongwa: elektroni ikigongwa na gama au beta mweko wa pili huwa mkubwa, kiini kikigongwa huwa mdogo. Wimpi ingegonga kiini. Bahati mbaya nyutroni nayo hugonga kiini.

Adui mkubwa ni radoni. Inajitengeneza kutoka kwenye chembechembe za elementi ya radi (radiamu) zilizomo katika chuma, nyaya, pampu, kila kitu. Hapa wamejenga mnara wa kukereka zenoni mfululizo, na wamefikia chini ya mikrobekereli moja kwa kilo. Maana yake ni hii: chukua kilo moja ya zenoni, ikae siku 11, huenda atomi moja ya radoni ndiyo itakayopasuka. Kabla ya hapo kila kipande cha chuma na kila bolti hupimwa kwenye vigunduzi vya elementi ya jemani (germanium) humuhumu chini, na chenye uchafu kinarudishwa. Nilishangaa jinsi mhandisi alivyokuwa na uchangamfu akizungumzia gasketi kuliko akizungumzia ulimwengu.

Uchangamfu huo una sababu. Mwaka 2020 mtangulizi wa mtambo huu, XENON1T, ulitangaza matukio 285 ya nishati ndogo mahali palipotarajiwa 232. Makala za nadharia zikamiminika: chembe za kudhaniwa kama aksioni za Jua, fotoni za giza, na mengine mengi. Timu yenyewe iliandika pia kwamba huenda ni triti (hidrojeni nururifu) kidogo tu. Mwaka 2022 XENONnT, ukiwa safi zaidi, ulitazama palepale na ziada haikuwepo.

Na ile zenoni isiyo na isotopi nururifu zinazodumu? Mwaka 2019 XENON1T iliona zenoni-124 ikimeza elektroni mbili kwa pamoja, mchakato ambao nusu-uhai wake (muda ambao nusu ya atomi hubadilika) ni miaka 1.8 × 10²², zaidi ya mara trilioni ya umri wa ulimwengu. Hawakuwa wakitafuta hilo hasa. Kwangu hicho ndicho cheti cha usafi wa mtambo kuliko kipimo kingine chochote.

Wanaoshindana nao ni wawili. LZ iko Lead, South Dakota, katika mgodi wa zamani wa dhahabu karibu mita 1,500 chini, na ina tani 10 za zenoni. PandaX-4T iko Jinping nchini China, chini ya mita 2,400 za mwamba. Mwaka 2024 LZ ilitoa matokeo ya siku 280: hakuna wimpi, na kwa chembe ya takriban GeV 40 uwezekano wa kugongana, unaopimwa kama eneo, lazima uwe chini ya sentimita mraba 2.2 × 10⁻⁴⁸ kwa kila nyukleoni (protoni au nyutroni). Wakati wa kukusanya data walichanganya humo matukio bandia kwa makusudi, yakafichuliwa mwishoni tu, ili mchambuzi asipindishe vigezo vyake kufuata anachotamani kukiona.

Alhamisi

Leo ilikuwa zamu ya ugomvi.

DAMA/LIBRA haina mengi ya kuona. Ni kizimba kilichofungwa kwa shaba, risasi, kadimi, nta na zege, na ndani yake fuwele 25 za iodidi ya sodiamu, kilo 9.7 kila moja, zimepangwa tano kwa tano na kupepewa naitrojeni safi. Timu ya Rita Bernabei imekuwa ikisema tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba inaiona maada ya giza.

Hoja yao ni nzuri, na nadhani wengi wanaoidharau hawajaisikia vizuri. Jua linakimbia ndani ya wingu la maada ya giza. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya mwaka inakwenda upande uleule wa Jua na nusu nyingine kinyume. Ukikimbia kwenye mvua matone mengi zaidi yanakupiga usoni, ukisimama yanapungua. Basi matukio yaongezeke kuelekea tarehe 2 Juni na yapungue kuelekea mwanzoni mwa Desemba. Hilo halihitaji ujue chembe ni ya namna gani. DAMA wameliona wimbi hilo hasa, kati ya kiloelektronivolti 2 na 6, ukubwa wake kama asilimia moja ya matukio yote, mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya mizunguko 20. Kitakwimu limevuka sigma 13, kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na sadfa. Siyo bahati nasibu. Kitu fulani kinapanda na kushuka humo.

Lakini ni nini? Kwa wimpi za kawaida, mitambo ya zenoni ingepaswa kuona matukio tele, na haioni. Watetezi wakajibu kwamba zenoni si sodiamu, pengine chembe hii inapenda sodiamu au iodini kwa namna ya pekee. Jibu hilo huwezi kulipangua kwa zenoni, hata uongeze tani ngapi. Unahitaji fuwele ileile.

Ndipo wengine wakazitengeneza. ANAIS, kilo 112.5 za iodidi ya sodiamu, iko Canfranc, Uhispania, chini ya milima ya Pirenei. COSINE-100, kilo 106, ilikuwa Yangyang, Korea Kusini. Zote mbili hazikuona wimbi. Data za miaka 6 za ANAIS zinapingana na DAMA kwa kiasi cha sigma 4.

Nilimuuliza Dokta anadhani DAMA wanaona nini. Alikataa kubashiri, ila akatutajia la kufikiria: myuoni zinazopenya hadi hapa nazo hupanda na kushuka kwa mwaka, kwa asilimia moja na kitu, kwa sababu hewa ya juu ikipata joto hutanuka na chembe zinazozaa myuoni hupata nafasi ya kuoza kabla ya kugonga kitu. Ila kilele cha myuoni huja wiki kadhaa baada ya kile cha DAMA, kwa hiyo nacho hakitoshi kueleza. Jaribio ninalolipenda zaidi katika habari hii yote ni SABRE: fuwele za namna moja, sehemu moja hapa Gran Sasso na nyingine Stawell, Australia, katika mgodi wa dhahabu. Huko Juni ni baridi. Chochote kinachotokana na majira kitageuka juu chini, lakini maada ya giza haijali uko upande gani wa ikweta.

Maoni yangu? Sidhani DAMA wameiona maada ya giza. Sidhani pia kwamba "wamekosea mahali" ni maelezo. Wimbi la sigma 13 lina chanzo chake, na mpaka leo hakuna chanzo ambacho pande zote mbili zimekikubali.

Ijumaa

Asubuhi, risasi, ile metali. Risasi ni kinga bora dhidi ya gama, lakini risasi mpya ina risasi-210, nururifu, yenye nusu-uhai wa miaka 22. Dawa yake ni kusubiri, na kuna waliosubiri bila kujua: meli ya Kirumi iliyozama karibu na Sardinia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ikiwa imebeba mikuo ya risasi. Taasisi ya fizikia ya nyuklia ya Italia ilisaidia gharama za kuiopoa, ikapewa sehemu ya mikuo. Kila mkuo una kilo 33 hivi. Sehemu zenye maandishi ya wenye viwanda vya Kirumi zilikatwa na kuhifadhiwa, zilizobaki zikayeyushwa kuwa kinga ya CUORE, jaribio la jirani linalotafuta mpasuko wa nadra wa beta mbili. Tangu meli izame zimepita nusu-uhai karibu 90, hivyo risasi-210 imekwisha kabisa.

Mchana tukaenda CRESST. Hapa wanawinda chembe nyepesi, ambazo zingeugusa mtambo wa zenoni bila kuacha mwanga wa kutosha. Fuwele ya tungstati ya kalsiamu ya gramu 24, ndogo ya kufungwa kiganjani, inapoozwa hadi takriban sehemu 15 kati ya elfu za kelvini moja juu ya sifuri halisi. Juu yake kuna utando wa tungsteni ulioshikiliwa palepale unapoanza kupoteza ukinzani wa umeme. Kiini kikisukumwa, fuwele inapata joto kidogo mno, na ukinzani unaruka. Wameweza kusikia hadi elektronivolti 30.

Huko chini kabisa kuna ziada ya matukio, na siyo kwa CRESST peke yao. Vigunduzi vingi baridi vinaiona. Hakuna anayeshangilia, maana inapungua kadiri siku zinavyopita tangu mtambo upoozwe, na ukipashwa moto kisha ukapoozwa upya, inarudi. Maada ya giza haiwezi kujua friji yako imewashwa lini. Wanashuku misukosuko ndani ya fuwele na vishikizo vyake vinapojikunja kwa baridi. Kwa hiyo sasa wanafizikia wa maada ya giza wamekuwa mafundi wa vishikizo.

Jumamosi

Maabara tuliiacha. Tulipanda kwa gari la kamba hadi Campo Imperatore, zaidi ya mita 2,100, tukakaa nje na wanafunzi wawili wa uzamivu waliokuwa na hamu ya kubishana. Mada: kwa nini wimpi zilipendwa hivyo, na je, mapenzi yameisha?

Zilipendwa kwa sababu ya sadfa. Chukua chembe yenye nguvu ya kugusana inayofanana na ile ya nguvu dhaifu ya nyuklia, iweke katika joto la ulimwengu mchanga, iache ijiangamize na wenzake mpaka upanukaji uzitenganishe. Kinachosalia ni karibu kiasi kilekile cha maada ya giza tunachokipima leo. Nadharia ya supasimetri, inayoipa kila chembe mwenza wake, nayo ilikuwa inatabiri chembe za aina hiyo kwa sababu zake nyingine. Njia mbili zikakutana, na watu wakaamini. Mtambo wa LHC ulipoanza kugonganisha protoni mwaka 2009 wengi walitarajia habari haraka. Supasimetri haijaonekana.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa upande wa aksioni. Roberto Peccei na Helen Quinn walipendekeza mwaka 1977 njia ya kueleza kwa nini nguvu kali ya nyuklia inaonekana kuheshimu ulinganifu ambao haikulazimika kuuheshimu, na mwaka 1978 Steven Weinberg na Frank Wilczek wakaona kwamba njia hiyo inazaa chembe. Inaweza kuwa nyepesi kuliko elektroni mara zaidi ya bilioni 100. Huitafuti kwa kusubiri igonge. Katika ADMX, jijini Seattle, wanaweka chumba cha chuma ndani ya sumaku kali, ambako aksioni ingegeuka kuwa wimbi la mikrowevu, nao wanabadilisha masafa hatua kwa hatua wakisikiliza.

Wa pili alimtaja Mordehai Milgrom, ambaye mwaka 1983 alipendekeza kurekebisha sheria ya mwendo badala ya kuongeza maada. Inaeleza vizuri mizunguko ya galaksi moja moja. Ikifika kwenye makundi ya galaksi inapata shida, na picha za Kundi la Risasi (Bullet Cluster, makundi mawili ya galaksi yaliyogongana) zilizochapishwa mwaka 2006, ambako mvutano mkubwa hauko palipo gesi nyingi, zimewafanya wengi wakae na chembe. Mimi pia niko huko, ingawa niliona mwanafunzi yule alitetea vizuri kuliko sisi.

Jumapili

Njiani kurudi Roma tulizungumzia ukomo. Mwaka 2024 XENONnT na PandaX-4T ziliona dalili za kwanza za nyutrino za Jua, chembe zinazopenya karibu kila kitu, zikigonga viini vya zenoni. Nyutrino hizo, za boroni-8, zinafanana kabisa na wimpi ya GeV 6 hivi, na hakuna mwamba wala maji ya kuzizuia. Ni takataka za mwisho, zisizofuliwa. Timu za XENON, LZ na DARWIN zimeungana kupanga XLZD, mtambo wa tani 60 hadi 80, utakaofika hadi ndani ya ukungu huo wa nyutrino.

Kutoka nje ya ukungu kunahitaji kujua upande. Nyutrino zinatoka kwenye Jua. Upepo wa maada ya giza unatoka upande Jua linakoelekea, kwenye kundinyota la Dajaja. Kigunduzi kinachoona mshale wa kiini kilichosukumwa kingezitenga hizo mbili. CYGNO wanajaribu hilo hapahapa Gran Sasso kwa mchanganyiko wa heliamu na tetrafluoridi ya kaboni, kamera zikipiga picha za vistari vya mwanga ndani ya gesi. Mtambo wao wa majaribio, LIME, una lita 50. Gesi yote hiyo haifiki gramu 100, na XENONnT ina tani 8.5.

Nilipiga hesabu basini. Tani moja ya gesi hiyo inahitaji kama mita za ujazo 700, na ukumbi mmoja wa maabara ile una zaidi ya 30,000. Nafasi si tatizo. Tatizo ni kutazama ujazo wote huo kwa kamera zinazoweza kuona kistari cha milimita chache, na kujua kichwa chake ni kipi na mkia ni upi.